Mawakala wa mpakani na sesheni zinazopotea: uchambuzi wa kisa kimoja

Mfumo unaozungumziwa hapa ni wa kampuni binafsi ya Kampala inayowasaidia mawakala wa forodha kuandaa nyaraka za mizigo kabla hazijaingizwa kwenye mfumo wa serikali. Wakala anaingia kwa jina na nywila, anajaza fomu ya kurasa kadhaa (mwenye mzigo, aina ya bidhaa, uzito, namba ya lori na ya trela), kisha anapachika picha za ankara na hati nyingine. Baadhi ya watumiaji wako Nakawa na katikati ya mji wa Kampala. Wengi zaidi wako mipakani: Malaba na Busia tunakopakana na Kenya, Mutukula tunakopakana na Tanzania, Elegu tunakopakana na Sudan Kusini. Huko kazi inakwenda kwa Kiswahili, kuanzia kwa dereva aliyetoka Mombasa hadi kwa karani mzaliwa wa Tororo, na malalamiko yote yaliletwa kwa Kiswahili.

Yalianza muda mfupi baada ya kampuni kuongeza seva ya pili. Awali programu, iliyoandikwa kwa lugha ya PHP juu ya kiunzi kiitwacho Laravel, ilikaa kwenye seva moja. Ilipozidiwa, fundi wa kampuni aliweka nginx mbele ili igawe maombi, na nyuma yake seva mbili zinazofanana, tuziite A na B. Kurasa zikaanza kufunguka upesi. Kisha simu zikaanza kuingia. Wakala mmoja wa Malaba alimwambia dada wa dawati la msaada: "Dada, nimejaza kurasa tatu, nimefika pa kuhifadhi, inanirudisha kuandika nywila upya. Na lori liko kwenye foleni, dereva ananipigia." Wengine walikutana na ukurasa mweupe wenye namba 419 na maneno ya kusema kwamba ukurasa umepitwa na wakati.

Foleni ya Malaba ikirefuka, lori linalosubiri karatasi linakula pesa ya mwenye mzigo na usingizi wa dereva, na wakala ndiye anayetukanwa na pande zote mbili. Kumwambia mtu huyo "jaribu tena" si msaada.

Malalamiko yalitoka wapi

Kabla ya kugusa mpangilio wowote tuliomba orodha ya malalamiko na kuandika kando ya kila moja mahali lilikotoka. Nakawa karibu hapakuwa na hata moja. Mipaka yote minne ilikuwemo, na Malaba na Busia ndizo zilizoongoza.

Fundi alikuwa na maelezo tayari: intaneti ya mpakani ni dhaifu. Maelezo hayo yanavutia, lakini hayalingani na dalili. Mtandao dhaifu huchelewesha ukurasa, huukata katikati, au hukifanya kivinjari kikate tamaa ya kusubiri. Hauifanyi seva ikane kwamba inakujua. Mawakala hawa walipata ukurasa wa kuingia ukiwa mzima na kwa haraka, maana yake ombi lilifika, likajibiwa, na jibu lilikuwa "wewe ni nani?" Kilichohitaji kuelezwa ni kwa nini swali hilo liulizwe Malaba na lisiulizwe Nakawa.

Washukiwa wa kawaida walipitiwa kwanza. Muda wa sesheni (kumbukumbu ya seva kwamba umeshaingia) kuisha: Laravel ikiachwa kama ilivyo huipa sesheni dakika 120, na mawakala walikuwa wakitupwa nje baada ya dakika tano. Mara nyingi mafundi hukimbilia kigezo cha PHP cha sekunde 1440, yaani dakika 24, lakini Laravel hutunza sesheni zake yenyewe, kwa hiyo kigezo hicho hakihusiki. Saa za seva: zote mbili zilikwenda sawa. Ufunguo wa usimbaji ulistahili uangalifu zaidi, kwa sababu Laravel hufunga kidakuzi cha sesheni (kijitaarifa ambacho kivinjari hubeba ili seva ikutambue) kwa ufunguo ulioko kwenye faili la mipangilio la kila seva. Ufunguo wa A ukitofautiana na wa B, B haitaweza kufungua kilichofungwa na A, itakitupa na kuanza upya bila kulalamika popote, na dalili zake zingekuwa hizihizi. Tulilinganisha alama za sha256 (muhtasari usioweza kurudishwa kuwa ufunguo) za funguo hizo bila kuzituma zenyewe kwenye WhatsApp, jambo ambalo nimeona likifanywa na ambalo ni hatari kubwa. Zilikuwa sawa.

Kumfuata mtu mmoja

Itifaki ya HTTP haina kumbukumbu: kila ombi linafika kama la mgeni. Kidakuzi kilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa Netscape kwa ajili ya pengo hilo. Kivinjari hubeba namba, seva hutafuta namba hiyo kwenye kumbukumbu zake, na mgeni anageuka mwenyeji. Seva ikiwa moja, hakuna cha kujiuliza. Zikiwa mbili, swali ni kumbukumbu hizo zimekaa wapi, na hapa zilikaa kwenye diski ya kila seva, katika folda ya storage/framework/sessions. A ilikuwa na watu wake, B ilikuwa na wake.

Fundi alilijua hilo, na ndiyo sababu alitumia kanuni ya nginx iitwayo ip_hash. Kanuni hiyo hutazama anwani ya IP ya mtumiaji, na kwa IPv4 (anwani za namba nne, kama 198.51.100.23) hutumia sehemu tatu za mwanzo tu kati ya nne, kisha hufanya hesabu inayompeleka kwenye seva ileile kila mara. Kwenye majaribio ya ofisini ilifanya kazi bila dosari, kwa sababu ofisi ina faiba yenye anwani moja isiyobadilika. Nakawa nao wako hivyohivyo.

Dhana yetu ikawa kwamba anwani za mawakala wa mpakani zinabadilika katikati ya kazi. Kuithibitisha kulihitaji kumfuata mtumiaji mmoja kutoka anwani moja hadi nyingine, na anwani ndiyo kitu tulichokuwa tunakishuku, kwa hiyo haikufaa kuwa kitambulisho. Kidakuzi cha sesheni nacho hakikufaa, kwa sababu mbili. Kwanza, kukiandika kwenye faili la kumbukumbu ni kumpa kila anayelisoma uwezo wa kuingia kwa jina la mtu mwingine. Pili, Laravel hukifunga upya kwa kila jibu, hivyo maandishi yake hubadilika kila ombi ingawa sesheni iliyomo ndani ni ileile.

Sababu hiyo ya pili ina uzito kuliko inavyoonekana. Katika kikao cha kwanza kulitolewa pendekezo la kuacha ip_hash na kugawa maombi kwa kufuata kidakuzi cha sesheni. Kwa programu ya aina hii hesabu ingetoa jibu jipya kila mara na watu wangerushwa kati ya A na B kwa bahati nasibu, Nakawa ikiwemo.

Tulichotumia ni moduli ya nginx iitwayo userid, ambayo hukipa kila kivinjari kidakuzi chake cha alama kisichohusiana na sesheni wala nywila. Kisha tukaiagiza nginx iandike kwa kila ombi saa, alama hiyo, anwani ya mtumiaji, seva iliyojibu, namba ya jibu (200 ni sawa, 302 ni kuelekezwa ukurasa mwingine, 419 ni kukataliwa) na ukurasa ulioombwa. Haikuchukua muda mfano ukapatikana. Huu ni wa wakala mmoja, anwani zake zikiwa zimebadilishwa kwa zile zilizotengwa kwa mifano:

```
08:41:07  3F9A  198.51.100.23  A  200  GET  /fomu/2
08:43:52  3F9A  203.0.113.80   B  419  POST /fomu/2
08:43:58  3F9A  203.0.113.80   B  302  GET  /fomu/2
08:46:30  3F9A  198.51.100.23  A  302  GET  /fomu/2
```

Kivinjari ni kimoja na anwani ni mbili. Mstari wa kwanza wakala yuko A na kila kitu ni shwari. Mstari wa pili anahifadhi ukurasa, ombi linaangukia B. B haina faili lake, inamfungulia sesheni mpya iliyo tupu, inakuta alama ya usalama ya fomu hailingani na sesheni hiyo, inakataa kwa 419. Mstari wa tatu anafungua ukurasa upya na kuelekezwa mlangoni.

Mstari wa nne ndio uliotufundisha zaidi. Wakala amerudi kwenye anwani yake ya kwanza, amerudi A, na A bado ina faili lake kwenye diski. Hata hivyo anakataliwa. Sababu ni kwamba B, ilipomfungulia sesheni mpya, ilimpa pia kidakuzi kipya kilichofuta kile cha zamani. Ni kama mtu aliyeacha mzigo stoo ya Malaba, akaenda kuudai stoo ya Busia, na huko wakachana risiti yake na kumwandikia nyingine: hata akirudi Malaba, mzigo upo lakini hana cha kuudai. Kwa hiyo dakika moja tu ya kuangukia seva isiyo yake inatosha kumpotezea kila alichokuwa nacho. Mawakala walikuwa wakisema "hata nikirudisha laini ya kwanza haisaidii", na dawati la msaada likadhani wamechanganyikiwa. Walikuwa wakieleza hitilafu kwa usahihi kamili.

Na laini ndiyo ilikuwa jibu. Mtu anayefanya kazi mpakani ana laini ya Uganda na ya nchi ya pili kwenye simu moja. Kompyuta yake inapata intaneti kwa hotispoti ya simu hiyo. Bando likiisha au mtandao ukilegea, anahamisha data kwenda laini ya pili, na kwa seva amekuwa mtu mwingine kutoka nchi nyingine. Hafanyi kosa lolote. Ndivyo mpaka unavyofanyiwa kazi. Kundi la pili lilikuwa la watumiaji wa VPN, na hao tuliwakuta hadi Kampala. Tozo ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii ilipoanza Julai 2018, Waganda wengi walijifunza VPN, na Facebook ilipofungwa Januari 2021 desturi hiyo ikaendelea. Wakala anawasha VPN asome ujumbe, anaizima, na kila mara anwani inaruka kutoka Kampala hadi Ulaya na kurudi.

Tulimaliza uthibitisho bila kumsumbua mtu. Tuliingia kwa akaunti ya majaribio kwa kutumia curl (programu ya kutuma maombi bila kivinjari), tukizungumza na A moja kwa moja bila kupitia nginx, tukahifadhi vidakuzi, kisha tukavipeleka vilevile kwa B. B ikatuelekeza mlangoni. Kwenye diski ya A faili lilikuwepo.

Saa za msongamano

Kulibaki malalamiko ambayo dhana hiyo haikuyafunika: watu wasiobadilisha laini wala kuwasha VPN, waliotupwa nje kwa mkupuo nyakati za pilikapilika. Hawa nao waliponzwa na ip_hash, ila kwa njia ya kinyume.

Anwani za IPv4 ni adimu, na mitandao ya simu kwa kawaida huweka wateja wengi nyuma ya anwani chache za umma. Safu nzima ya 100.64.0.0/10 ilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya mpango huo. Kwa hiyo mawakala wengi wa laini moja walionekana kwa nginx wakitoka kwenye anwani za jirani, na kwa kuwa hesabu hutazama sehemu tatu za mwanzo tu, wote waliangukia A. B ilikuwa karibu haina kazi. A ilipolemewa na kuchelewa kujibu, nginx iliihesabu kuwa imeshindwa: usipobadilisha kitu, kosa moja linatosha kuiweka seva kando kwa sekunde 10. Katika sekunde hizo wote wa A walipelekwa B, wakapewa vidakuzi vipya na kupoteza sesheni zao, halafu A ikarudi kazini na kuwakuta wageni.

Kanuni ileile iliwatawanya waliopaswa kushikwa pamoja na kuwarundika waliopaswa kugawanywa. Nadhani hapa ndipo mafundi wengi wa kwetu wanapotegwa na miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya nchi ambako kila nyumba ina laini yake ya waya. Anwani ya IP hapa kwetu haimtambulishi mtu. Inatambulisha njia aliyopita dakika hiyo.

Tiba

Njia ya haraka ipo na si mbaya. Kigawa maombi kinaweza kuweka kidakuzi chake chenye jina la seva, na kivinjari kikishakuwa nacho kitapelekwa huko hata anwani ikibadilika mara kumi. HAProxy, programu nyingine ya kugawa maombi, hufanya hivyo kwa mistari michache ya mpangilio. Ingemaliza tatizo la laini na la VPN siku hiyohiyo. Lakini sesheni zingebaki kwenye diski za A na B, na kila mara seva moja inapozimwa kwa matengenezo, au kulemewa, watu wake wote wangetupwa nje. Kampuni ilinunua seva ya pili ili moja ikianguka kazi iendelee. Kumfunga mtu kwenye seva moja, kwa anwani au kwa kidakuzi, kunaliua lengo hilo.

Tulichagua kuzitoa sesheni kwenye seva zote mbili na kuziweka Redis (hifadhi ya data inayokaa kwenye kumbukumbu ya mashine), kwenye mashine ya tatu iliyo ndani ya mtandao wa ndani tu. Kwa Laravel kubadili mahali pa sesheni ni suala la mstari mmoja. Uangalifu unahitajika kwenye Redis yenyewe, kwa sababu kampuni ilikuwa tayari na Redis nyingine ya kuhifadhi kwa muda matokeo ya hifadhidata, na kishawishi cha kutumia hiyohiyo kilikuwa kikubwa. Tulikataa. Redis ya matokeo ya muda ilipangwa ifute vitu vya zamani kumbukumbu ikijaa, na hiyo ni sawa kwa matokeo yanayoweza kutafutwa tena. Kwa sesheni ni kumfukuza mtu bila sababu. Tena amri ya Laravel ya kusafisha matokeo ya muda hufuta hifadhi yote iliyoelekezwa kwake. Sesheni zikiwa humo, fundi anayesafisha mchana anawatoa mawakala wote wa Uganda kwa mkupuo mmoja. Redis ya sesheni ikawa peke yake, haifuti kitu isipokuwa muda wake umeisha, na inaandika kwenye diski kila sekunde ili umeme ukikatika hasara isizidi kiasi hicho.

Kubadili kungemtoa kila mtu mara moja, na Malaba hakuna saa ya kufunga, kazi ni usiku na mchana. Tangazo lilitumwa mapema kwenye makundi ya WhatsApp ya mawakala wa kila mpaka, likitaja saa na kuwaomba wahifadhi kazi kabla yake. Baada ya hapo ip_hash iliondolewa, na nginx ikaagizwa impeleke kila mtu kwenye seva yenye maombi machache wakati huo. Jaribio la kweli lilikuwa kuitoa A kazini mchana, saa za kazi nyingi, huku dawati la msaada likiwa limejiandaa kupokea simu. Kwenye faili la kumbukumbu alama zilezile zilihama kutoka A kwenda B, majibu yakiwa 200 mfululizo. Simu hazikuja.

Picha za ankara

Simu zilikuja baadaye, na zilihusu jambo jingine. Wakala anapachika picha ya ankara ukurasa wa tatu, akifika ukurasa wa nne picha haipo. Akifungua tena, ipo. Picha zilikuwa zikiandikwa kwanza kwenye diski ya seva iliyopokea, zikisubiri fomu ikamilike. Chini ya ip_hash wengi hawakuliona hilo kwa sababu walibaki seva moja. Sasa watu wanahama kati ya A na B kila ombi, na kila kitu kilichokuwa kimejificha kwenye diski ya seva moja kikajitokeza. Kwa hiyo anayehamisha sesheni atafute kwanza kila mahali programu inapoandika faili, maana sesheni huwa ndiyo inayoonekana tu. Picha zilihamishiwa hifadhi ya pamoja inayofikiwa na seva zote mbili.

Tulipokuwa humo tuliibua pia suala la fomu yenyewe. Kurasa zake zote zilikuwa zikitunzwa ndani ya sesheni hadi wakala abonyeze kitufe cha mwisho. Laravel husoma sesheni nzima mwanzoni mwa ombi na kuiandika nzima mwishoni, kwa hiyo wakala akipandisha picha tatu kwa pamoja, ombi linalomaliza mwisho linaweza kufuta yaliyoandikwa na maombi mengine. Lakini sababu yangu kubwa ilikuwa nyingine. Maelezo ya mzigo wa tani 28 ni kazi ya mtu, na kazi ya mtu haipaswi kutegemea kama bado anatambulika na kivinjari chake. Sasa kila ukurasa unahifadhiwa kwenye hifadhidata kama rasimu mara tu unapojazwa. Wakala akizimikiwa simu Busia, anaweza kuendelea alipoishia akiwa Tororo, kwenye kompyuta nyingine.

Redis imebaki mahali pa kuangaliwa, kwani ikianguka hakuna anayeingia. Iliwekewa nakala kwenye seva B, na waangalizi watatu wa Sentinel (programu ya Redis ya kuangalia kama iko hai), mmoja kwenye kila mashine ya Redis na wa tatu kwenye mashine ya nginx, ili wawili wakikubaliana kwamba kuu imekufa, nakala ichukue nafasi. Kidakuzi cha alama tulichotumia kwenye uchunguzi kiliondolewa, na faili za kumbukumbu zilizokiandika zikafutwa: zilionyesha kila wakala alikuwa kwenye mtandao wa nchi gani na saa ngapi, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 haimruhusu mtu kukaa na taarifa za namna hiyo baada ya kazi iliyozihitaji kuisha.